Dawa Waliyoiita ya Huzuni

Nohwa, 19 Novemba 2006

Mume wangu Gi-beom,

Nimefika kisiwani salama, ila bahari ilinitoa kila nilichokula Daegu. Mama nimemkuta amelala chali na nyonga yake imefungwa, lakini mdomo haujavunjika: hata viatu sijavua, keshaniambia nimekonda na nywele zangu zimekaa kama mwani wa mwaka jana. Majirani wamenisaidia kuweka kimchi, ile kabichi ya pilipili ya kuliwa majira ya baridi. Mikono inaniwasha kwa pilipili hadi viwikoni, ndiyo maana mwandiko umekaa hivi.

Utashangaa kupata barua. Kwenye simu unanijibu "mh" na "haya basi," kisha unakata. Nikakumbuka ulipokuwa jeshini, ulivyokuwa ukiniandikia kurasa nne nzima, hata ladha ya maharage ya kambini ulinieleza. Huyo ndiye ninayemwandikia. Kama bado yupo, anijibu.

Sasa jambo lenyewe. Nilibeba koti lako la kijivu kwa ajili ya upepo wa huku. Kwenye mfuko wa ndani nimekuta vidonge, na karatasi yenye jina lako, ya mwezi wa kumi. Sikupekua, vilianguka vyenyewe. Nikampelekea Bok-hui, yule tuliyesoma naye. Siku hizi ndiye mwenye duka la dawa karibu na gati.

"Vya nani hivi?" akaniuliza.

"Vya jirani yangu wa Daegu."

"Basi mwambie jirani asije akaviacha ghafla bila kumwona daktari. Ni vya sonona hivi."

Nilirudi nyumbani kwa njia ndefu. Sonona, Gi-beom? Wewe unayecheka na televisheni peke yako? Au ulikuwa unacheka ili nikusikie? Sikulaumu. Nataka kujua tu una nini, na kwa nini hukuniambia mimi.

Kimchi ya zamani iko kwenye mtungi mdogo. Ule mkubwa usiuguse.

Mkeo,
Yeon-ok


Daegu, 28 Novemba 2006

Yeon-ok,

Barua yako nimeisomea karakanani, nyuma ya mashine ya kung'arishia fremu za miwani, maana huko kuna vumbi na hakuna anayekuja kuchungulia.

Ni kweli. Nilimwona daktari mwezi wa kumi. Alisema nimechoka, kichwa na moyo, akaniandikia hivyo vidonge. Siku hizi ni jambo la kawaida, hata msimamizi wetu inasemekana anavitumia. Ni uchovu tu. Usimwambie Mama yangu. Vingine ninavyo hapa, hivyo ulivyobeba vitupe.

Kazi ni nyingi. Tumepata oda ya miwani ya watoto, fremu ndogo zinazoteleza vidoleni kama sabuni. Mama yangu alikuja Jumapili, akauliza kama umebeba ile mitishamba ya kizazi aliyokuchemshia. Nikamwambia umebeba.

Ziba madirisha ya upande wa bahari, mama yako asipigwe na baridi.

Gi-beom


Nohwa, 10 Desemba 2006

Mume wangu,

Nakushukuru kwa kuniambia ukweli. Najua haikuwa rahisi. Na kwa kuwa umeniambia wako, nami nikuambie wangu.

Nilikudanganya kuhusu baba. Nilisema boti ilipinduka. Hakuna boti iliyopinduka. Bahari ilikuwa shwari siku ile, na watu walikuwa wanaanika mwani. Viatu vyake vilikutwa juu ya ukuta wa gati, amevipanga vizuri, vimeelekea nyumbani. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mwaka mzima kabla ya hapo, ukimuuliza una nini, alikuwa akijibu, "Nimechoka tu." Na mama akawa anawaambia majirani, amechoka tu. Nami shuleni nikasema hivyohivyo.

Ndiyo maana niliposoma neno lako "uchovu tu" niliisikia sauti ya baba.

Tangu siku hiyo nairudia miaka yetu sita ya ndoa. Unanishika, halafu ghafla unanyanyuka unasema unakwenda kuvuta sigara. Unahamia sebuleni, unasema mgongo wako unataka sakafu. Nilidhani hunitaki. Baadaye nikadhani ni kwa sababu sijazaa, na kila asubuhi nikawa nameza mitishamba ya mama yako, chungu hadi machozi. Kumbe ulikuwa unaumwa, nami nakununia. Nisamehe.

Niambie kitu kimoja tu. Ni mimi? Kuishi na mimi ndiko kunakokuchosha? Nitalipokea jibu lolote.

Na kila jioni nipigie. Huna haja ya kuongea. Sema "mh" yako hiyohiyo, nisikie unapumua.

Yeon-ok


Daegu, 17 Desemba 2006

Dal-ho,

Najua masikio yako uliyaacha kwenye mizinga ya jeshi, na vidole vyako vya kupogolea matufaha haviwezi vitufe vya simu. Kwa hiyo nakuandikia. Ukishasoma, choma. Na usicheke mpaka nimalize.

Nawahi kumaliza. Nasema mambo ya chumbani. Si mara mojamoja, ni tangu usiku wa kwanza wa ndoa, na mara nyingi hata mlangoni sijafika. Nikaona afadhali nisianze kabisa. Miaka imekwenda hivyo, mke wangu akidhani ana kasoro.

Mwezi wa kumi nilijikaza nikaenda kwa daktari wa njia ya mkojo, mtaa wa mbali nisikojulikana. Akaniandikia dawa ya sonona. Nikamwambia, "Daktari, mimi sina huzuni, nina haraka." Akacheka. Akasema dawa hii ina tabia ya kumchelewesha mwanaume, na madaktari huwapa watu wa shida yangu kwa sababu hiyo. Nimeze kila siku, baada ya wiki chache nitaona tofauti. Nikameza. Nilikuwa nangoja niwe na hakika, ndipo nirudi chumbani kwa mke wangu. Ndiyo kwanza naanza kujiamini, ikaja simu kwamba mama yake ameanguka.

Sasa amekuta vidonge, ameambiwa ni vya sonona, nami nimekubali. Ilikuwa rahisi, Dal-ho. Mwenye sonona anaonewa huruma. Mimi nitachekwa. Lakini ameniandikia jambo la nyumbani kwao, si langu kulisema, linalofanya uongo huu uwe mbaya kuliko uongo mwingine wowote. Kila jioni nampigia, anasikiliza pumzi zangu kama nesi. Akishasikia ananishukuru, analia. Nikimwambia ukweli sasa ataniona mtu wa namna gani?

Jana nimevitupa vidonge vyote chooni. Sitaki kuviona.

Gi-beom


Yeongcheon, 26 Desemba 2006

Gi-beom, mpumbavu mwenzangu,

Sikucheka mpaka mwisho, kama ulivyoagiza. Na mwisho ulipofika hamu ya kucheka ikawa imeniishia. Ila pale pa "nina haraka" mke wangu alinikuta nimejishika mdomo, akauliza nasoma nini. Nikamwambia ni bei ya mbolea.

Jeshini ulikuwa wa kwanza kumaliza kula, wa kwanza kumaliza kuoga, wa kwanza kufunga buti. Sikujua kumbe ni mwili mzima.

Haya, utani umekwisha. Masikio yangu yalipozidi kufa, baada ya kuoa, nilimficha mke wangu. Alikuwa akiniita toka jikoni, mimi nipo tu kama gogo. Akiongea, natabasamu na kutikisa kichwa. Yeye akajua nimeshamdharau, akafunga nguo zake arudi kwao. Siku niliyomwambia alinichapa kwa ufagio, mgongoni, barabara. Kisha akaketi mbele yangu, akaanza kuongea akiwa amenigeuzia uso ili nione midomo. Mpaka leo hanisemeshi akiwa amenipa kisogo.

Mwambie. Usingoje uyapange maneno vizuri, hayapangiki. Mwambie hivyohivyo ulivyoniambia mimi, hata kabla hujamaliza kusoma barua hii. Na rudi kwa daktari. Dawa za namna hiyo hazimwagwi kama mchuzi uliochacha.

Barua yako nimeichoma. Mke wangu kaniuliza tena. Mbolea, nikamwambia.

Dal-ho


Nohwa, 9 Februari 2007

Mume wangu,

Niliondoka hospitalini bila kukuaga. Ulikuwa umelala, na niliogopa nikikuamsha nitashindwa kuondoka.

Mama yako aliponipigia toka Daegu kusema umeanguka kutoka ngazi za nje za karakana, sikuuliza umevunjika nini. Niliuliza, "Alikuwa amevaa viatu?" Akanijibu, "Una wazimu wewe," akakata simu. Njia nzima, kwenye meli na kwenye basi, nilikuwa najiuliza swali hilohilo.

Wewe ulisema ni kizunguzungu. Wenzako wa karakanani walisema ni barafu. Daktari alisema mfupa wa mtulinga, hapo begani, utaunga. Hakuna aliyesema nililokuwa nafikiri, nami sikulisema. Nilikaa nikikumenyea pea, nangoja. Mara mbili ulifungua mdomo. Mara ya kwanza nesi akaingia. Mara ya pili ukaniangalia sana, mpaka nikaweka kisu chini, halafu ukaomba maji.

Mama yako alikuwa ananisubiri koridoni. Nilikuwa nimeshamwambia habari za vidonge, nisamehe, hofu ilinizidi.

"Mwanangu alikuwa mzima kabla hajakuoa," aliniambia. "Tumbo kavu, uso wa msiba kutwa kucha. Nani asingeugua? Kama unampenda, mwache apumue."

Sikubishana naye. Nilikuuliza wewe mwenyewe, mwezi wa kumi na mbili, kama ni mimi. Hukunijibu. Barua uliyoniletea ilikuwa habari za theluji tu.

Nilikuwa mtoto, baba sikuweza kumshika. Wewe bado upo. Kama kukaa nami ndiko kunakokupeleka kwenye ngazi zile, basi nitakaa mbali. Bok-hui amesema nimsaidie dukani. Nitaulizia mahakama inataka nini ili tuachane taratibu, bila kelele.

Meza dawa zako. Usiziache hata siku moja.

Yeon-ok


Daegu, 16 Februari 2007

Yeon-ok,

Usiende mahakamani. Sikuruka. Niliteleza.

Sina sonona, na sijawahi kuwa nayo. Vile vidonge niliandikiwa na daktari wa mambo ya wanaume, kwa sababu nawahi kumaliza. Ndiyo dawa yenyewe wanayotoa, ingawa jina lake ni la huzuni. Nilipoanguka nilikuwa nimeviacha ghafla kwa mara ya pili, kwa hasira ya kujichukia. Kichwa kikawa kinanipiga kama nimeshika waya wa umeme, na ngazi ilikuwa na barafu. Basi. Hakuna kingine.

Uliniuliza kama ni wewe. Nilikuwa nakutaka, Yeon-ok. Nakutaka mpaka mwili unanisaliti kabla sijakugusa vizuri, kisha naona aibu ya kukutazama usoni, natoka nje. Sigara sikuwa nazivuta hata. Nilikuwa nasimama tu kwenye baridi mpaka nihisi umelala.

Kuna jambo lingine, na hili ndilo gumu. Mitishamba. Tumbo lako halina kosa. Mtoto angetoka wapi, kwa hali ile yangu? Nilijua. Kila asubuhi nilikuona unakunja uso, unafumba macho, unameza, nami nikainua gazeti.

Kwa nini sikusema wodini? Kulikuwa na wanaume watano mle ndani na Mama mlangoni. Ndivyo nilivyojiambia. Lakini hata tungekuwa peke yetu sidhani kama ningesema. Ulikuwa unanimenyea pea kwa upole ambao sikuwahi kuupata maishani mwangu, na nilijua upole ule ni wa mgonjwa mwingine, si wangu.

Mama nimemwambia jana, yote. Alikuwa anakata keki za mchele za supu ya mwaka mpya wa jadi. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyanyuka, akachukua kile chungu cha mitishamba, akaenda kukiacha jalalani. Kisha akarudi kukata.

Rudi nyumbani. Au niambie nije, hata leo, mkono ukiwa umefungwa hivihivi.

Gi-beom


Nohwa, 11 Machi 2007

Gi-beom,

Mwanzoni sikukuamini. Nilidhani umetunga ili nisijilaumu. Nikasema, nani anaweza kuficha kitu kidogo namna hii miaka sita? Nikaenda kwa Bok-hui.

"Hutumika hivyo pia," akasema. "Mbona siku ile hukuniambia kama jirani yako ana mke?"

Nikacheka pale dukani mpaka wateja wakanigeukia. Nilicheka kwa sababu kweli ni kidogo. Ungeniambia mwaka ule wa kwanza ningekujibu, unakimbilia wapi, rudi ulale, kesho ipo. Mimi nilikuwa msichana wa kisiwani, Gi-beom, hata sikujua kama kuna anayetazama saa. Nilitaka tu usiondoke kitandani. Hayo nimeyasamehe yote kabla sijafika mlangoni kwa Bok-hui.

Lakini nilikuambia habari za viatu vya baba. Hakuna mtu mwingine niliyewahi kumwambia. Ulisoma, ukajua naogopa nini, na bado kila jioni ukanipigia ili nisikilize kama u hai. Ulinisikia nikikushukuru. Neno moja lingetosha, hata baya, hata la nusu. Wewe ulikuwa upande ule wa simu, mzima, unanisikiliza nikiogopa.

Na zile asubuhi. Hilo gazeti lilikuwa na habari gani?

Usije. Nimejaribu kujiona nimekaa nawe mezani tunakula, na kila ukinyamaza nauona ukuta ule wa gati. Si kosa lako peke yako, mimi nilikuja kwako na ukuta huo. Ila ulijua upo, ukaniacha nisimame juu yake msimu mzima wa baridi.

Sina chuki nawe. Ningekuwa nayo ingekuwa rahisi. Tutaonana mahakamani. Uvae lile koti la kijivu, nitakuwa nimekurudishia kwa posta.

Yeon-ok


Daegu, 14 Aprili 2010

Bi Ma Yeon-ok,

Naomba radhi kukuandikia baada ya muda mrefu. Sikutaka usikie kwa watu. Naoa mwezi ujao. Ni mjane, anauza vitambaa sokoni, mke wa Dal-ho ndiye aliyetukutanisha.

Safari hii nilisema mapema. Tulikuwa tunakula tambi za baridi, mara ya pili tu kuonana. Nikamwambia jinsi nilivyo, na jinsi ndoa ya kwanza ilivyokwisha. Tambi zikampalia. Alipomaliza kukohoa akasema, "Basi nenda kwa daktari. Au unaogopa kwenda peke yako?"

Akanisindikiza. Siku hizi ipo dawa ya shida hii yenyewe, ina jina lake, tangazo limebandikwa ukutani kila mtu analiona. Sebule ya kusubiria ilikuwa imejaa wanaume wanaotazama viatu vyao. Nesi akauliza toka dirishani, "Shida ni nini?" Nikaanza kutafuta maneno. Mchumba wangu akajibu, "Anawahi kumaliza, dada. Andika hivyo." Sebule nzima ikaangua kicheko. Nami nikacheka.

Na katikati ya kucheka nikakukumbuka. Nikajua kabisa, bila shaka yoyote, kwamba hata wewe ungejibu vilevile. Kwa sauti kubwa zaidi, kwa lafudhi ya kisiwani, na tungerudi nyumbani tukila viazi vya kuchoma njiani. Ilikuwa inawezekana muda wote. Niliketi na mwanamke mwema pembeni yangu, na nililazimika kuinama kama wale wengine, nikatazama viatu.

Sitaki lolote kwako. Nilitaka ulijue hilo tu.

Msalimie mama.

Seok Gi-beom


Nohwa, 25 Aprili 2010

Ndugu Seok Gi-beom,

Hongera kwa ndoa. Huyo mchumba wako anaonekana ni mtu wa kweli. Mambo yako mwambie yeye, hata yasiyo na maana, hata ladha ya chakula cha karakanani. Mimi usiniandikie tena. Sisemi kwa hasira.

Mama anatembea na fimbo na bado anakosoa nywele zangu. Mwani wa mwaka huu ulikuwa mzuri. Nimenunua sehemu ya duka la Bok-hui, na wanaume wa kisiwa wananinong'onezea shida zao kwenye kaunta, nami nawajibu kwa kunong'ona.

Barua yako niliisoma jioni, nimesimama. Pale pa nesi nilicheka kwa sauti. Kisha nikaingia jikoni nikafungua bomba, nikaliacha litiririke, mpaka mama akapaza sauti toka chumbani, "Yeon-ok, unaosha nini muda wote huo?"

Nikamjibu naosha mchele.

Ma Yeon-ok